Mwenye Kusimama Chini

Mdogo wangu Msabaha ameonekana kwenye televisheni misimu mitatu, na katika misimu yote mitatu hakuna mtangazaji hata mmoja aliyeeleza sawasawa kwa nini alifika juu ya ule mnara akasimama. Mmoja alisema ni woga wa urefu. Msabaha! Mtu aliyeanza kukwea minazi kabla hajaota ndevu, leo aogope mnara wa mabomba wenye ngazi! Nilimfokea yule mtangazaji mpaka mama akaniambia, "Mwanajuma, huyo yumo ndani ya kioo, hakusikii." Basi naeleza mimi, kwa sababu nilikuwapo, na kwa sababu jambo lenyewe linanihusu kuliko wanavyojua.

Sisi ni watu wa nazi. Nyumba yetu iko Bagamoyo mjini, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Jignesh, lakini minazi tunayoikwea iko Zinga, michache yetu, mingi ya watu wanaotupa kazi ya kuangua. Msabaha anakwea, mimi nasimama chini. Watu hudhani kusimama chini ni kazi ya mvivu. Mkwezi akishaikata nazi huko juu haiachii hivi hivi. Kwanza anaita: "Naangua!" Aliye chini anatazama kulia, anatazama kushoto, anatazama nyuma ya shina, maana nyuma ya shina ndiko kwenye kivuli, na mbuzi na watoto hupenda kukaa huko. Kukiwa salama anaitikia: "Angua!" Kukiwa na mtu anasema: "Bado!" na mkwezi anabaki na nazi yake mkononi hata vidole vimfe ganzi.

Ndivyo marehemu baba alivyotufundisha, na alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata siku moja. Mkwezi anasikiliza sauti moja tu, ya yule aliyesimama chini kwa ajili yake. Wapita njia wakipiga kelele angua, angua, hao hawahesabiki. Wao wanaitazama nazi, hawatazami chini. Baba alikuwa na ndugu yake aliyekufa shambani kwa nazi iliyoitikiwa na mpita njia. Hakupenda kulizungumza hilo, lakini tulilijua.

Sasa mashindano. Yanaitwa Vuka Tukuone. Mtu anakimbia juu ya magogo yanayozunguka, anarukia pete zinazoning'inia juu ya dimbwi la matope, anapanda ukuta uliopinda kwa ndani, na mwisho kabisa kuna mnara. Juu ya mnara kuna kiroba cha mchanga. Unakichukua, unakiachia, kinaangukia ubao mwekundu uliowekwa chini, king'ora kinalia na saa inasimama. Mwenye muda mfupi ndiye bingwa. Jignesh aliona tangazo lake kwenye televisheni ya dukani, akamwita Msabaha pale pale. "Wewe kazi hii unaifanya kila siku," alimwambia, "tofauti ni matope tu." Akampa nafasi kwenye ghala lake afunge kamba na vipande vya mabomba ajinoe.

Msimu wa kwanza fainali ilikuwa Dar. Hatukwenda, tulitazama dukani, mama kwenye kiti, mimi juu ya ndoo ya rangi, na nusu ya mtaa wamejazana mlangoni. Msabaha alivuka magogo kama anakwenda sokoni. Pete akazimaliza. Ukuta akaupanda kwa mara moja, na alipofika juu ya mnara alikuwa mbele ya wote. Akakinyanyua kile kiroba. Akakishika nje ya ukingo. Akaita, "Naangua!"

Mimi, kule Bagamoyo, juu ya ndoo ya rangi, nikaitikia kwa sauti yangu yote, "Angua!"

Jignesh alinigeukia kwa mshangao. Sikuweza kujizuia. Lakini sauti yangu ingefika wapi? Ndugu yangu alisimama na kiroba chake mkononi, anatazama chini, anangoja. Watu wa Dar wakaanza kucheka. Saa ikaenda. Alipozinduka kwamba pale hakuna mtu wake, akakiachia, kijana mmoja wa Morogoro alikuwa ameshamshinda kwa sekunde chache za hovyo.

Video ile ilisambaa kwenye simu za watu wote wenye simu. Waliitia muziki. Msabaha akipita stendi, madereva wa bajaji wanaita kwa pamoja, "Naangua!" Yeye alicheka nao, ndiye mwenye moyo mzuri kati yetu. Mimi niliwapa vidonge vyao mmoja mmoja, mpaka nikawa nakwepwa.

Msimu wa pili alipata kocha, kijana mwenye filimbi shingoni, na kocha huyo hakuwa mjinga. Alimwambia kitu cha kweli: pale mnarani chini hapapiti mtu, kuna uzio, kwa hiyo kuita ni kupoteza muda tu. Wakafanya mazoezi ghalani asubuhi hata jioni. Kupanda, kushika, kuachia. Kupanda, kushika, kuachia. Jikoni kwetu tulikisikia kile kiroba kikidunda, na kila kilipodunda bila mwito nilishtuka, nikamwaga hiki au kile. Mama akasema nina mapepo.

Akashinda. Siwezi kusema sikufurahi, nilifurahi mpaka nikapoteza kiatu. Aliingia mjini juu ya pikipiki, nyuma yake honi tupu, Jignesh anagawa soda kwa watu ambao hata hawakuwa wateja wake. Tukaezeka nyumba upya. Mama akawa anaitwa Mama Bingwa na anaitika bila aibu.

Haukupita muda mrefu tukarudi Zinga, maana ubingwa hauangui nazi za watu. Asubuhi tulivu, hata upepo hakuna. Msabaha alikuwa juu ya mnazi mrefu ulio karibu na njia. Mimi nilikuwa nimeinama naokota, ndoo iko pembeni yangu. Sikusikia mwito. Nilisikia tu mvumo wa kitu kizito kikipita sikioni, kisha nazi tatu zilizoshikana zikaifumua ile ndoo, vipande vyake vikanipiga miguuni. Kanga yangu ilikuwa imebanwa chini ya nazi moja iliyozama mchangani. Kwa mkono wangu niliivuta, haikutoka. Hapo ndipo nilipoelewa zilipoangukia.

Nilitazama juu. Yeye alikuwa ametoa macho, mkono bado uko wazi, vile vile alivyofundishwa ghalani.

Alishuka. "Dada," akasema, "nimesahau."

Angesema ameteleza ningemsamehe hapo hapo. Angesema nazi imemponyoka, pia. Lakini kusahau! Nimesimama chini ya mtu huyu tangu baba yu hai, sijawahi kutazama juu kuangalia anafanya nini, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yanatosha. Nikaichana kanga nikajinasua. "Basi endelea kusahau," nikamwambia, "lakini mimi chini yako sisimami tena." Nikaenda barabarani, nikapanda gari, nikarudi mjini na nusu ya kanga.

Nilidhani hasira itaniisha kwa siku mbili, kama kawaida yangu. Haikuisha, na baadaye nikagundua kwamba haikuwa hasira. Ilikuwa hofu. Nilijaribu kwenda mara moja, nikafika hadi chini ya mnazi, nikasikia makuti yanasukwasukwa juu, miguu yangu ikagoma. Nikarudi nyumbani nikafua nazi uani. Kufua hakuna hatari, unaichomeka nazi kwenye ncha ya kifuo kilichosimikwa ardhini, unaimenya, imekwisha. Msabaha alijaribu watu wengine wa kusimama chini, wakawa wanashika simu badala ya kutazama. Mwisho akawa anakwea peke yake, na mama akawa halali vizuri. Tulikula meza moja, tukasalimiana, tukapeana chumvi. Lakini ukimya wetu mama aliuona, na akawa ananitazama mimi, si yeye.

Wakati huo wenye kipindi waligundua kwamba ile video ya mwanzo ndiyo watu wanayoipenda kuliko ubingwa wenyewe. Wakachapisha fulana zimeandikwa NAANGUA mbele na ANGUA mgongoni. Msimu wa tatu wakaamua fainali ije kwetu Bagamoyo, kwenye kiwanja cha njia ya Kaole, na mtayarishaji wao, dada mmoja anaitwa Dimple, mpole, anayetembea haraka na redio ya mkononi, akaja nyumbani kutuomba ruhusa ya kutupiga picha. Akaeleza kwamba mwaka huu Msabaha akifika juu aite, na uwanja mzima utamwitikia. Itapendeza sana. Halafu akasema kila mshindani anaruhusiwa mtu wake mmoja ndani ya uzio, karibu na mnara.

Dimple alipoondoka, Msabaha alikuja uani nilikokuwa nafua. Akachuchumaa.

"Dada, njoo usimame wewe."

"Utakuwa na watu uwanja mzima. Mimi wa nini?"

"Hao wanaitazama nazi."

Nikaichomeka nazi nyingine kwenye kifuo.

"Nitaita," akasema, "na nitakusikiliza wewe tu. Usipojibu, siachii. Naapa."

"Na ukishindwa? Si utasema Mwanajuma kanichelewesha?"

"Nikishindwa nimeshindwa. Lakini nikitoka pale, nataka turudi Zinga."

Mama alikuwa dirishani anajifanya anakunja nguo. Usiku huo nilipiga pasi baibui langu, na mama akaona, mjanja yule.

Siku ya fainali mji wote ulihamia kiwanjani. Waliokosa nafasi walipanda juu ya magari. Jignesh alifunga duka, jambo ambalo halijapata kutokea mchana, akaja na fulana ya NAANGUA juu ya shati lake la kazi. Mimi niliwekwa ndani ya uzio, hatua chache kutoka mnarani. Ule ubao mwekundu ulikuwa juu ya fremu ya chuma, na wameizungushia kitambaa chenye jina la kipindi mpaka chini, kwa ajili ya uzuri. Nilikitazama kile kitambaa, sikukipenda. Mahali pa kuangukia kitu pasifichwe.

Mshindani aliyemtangulia Msabaha, mwanamke wa Pangani mwenye mapaja ya chuma, alikimbia vizuri mno. Alipoachia kiroba chake, king'ora kililia kwa kukwaruza kisha kikakatika. Saa ilisimama sawa, lakini nilimwona Dimple akisema jambo kwenye redio yake. Kisha wakaanza kumtangaza Msabaha, na kelele zikafunika kila kitu.

Alikimbia kama hajawahi kukimbia. Kwenye pete mkono mmoja ulimteleza na uwanja mzima ukavuta pumzi, akajishika. Ukuta, mara moja. Nilitazama saa kubwa: alikuwa mbele ya yule mwanamke, tena mbele sana. Sikuwa na hofu wala hasira, nilikuwa nampigia makofi tu kama mwendawazimu. Akapanda mnara kwa mwendo wake ule wa Zinga, magoti nje. Akakinyanyua kiroba. Akakitoa nje ya ukingo.

"Naangua!"

Uwanja ukaitikia. Sijapata kusikia sauti kubwa kama ile. "Angua! Angua! Angua!" Na mimi mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nakiri, nilitaka kusema nao. Lakini shingo yangu ina mazoea yake. Ikatazama kulia. Ikatazama kushoto. Ikatazama nyuma ya mguu wa mnara, na pale, chini ya kitambaa, nikaona kandambili.

Kandambili yenye mguu ndani yake.

Kitambaa kikatikisika. Kulikuwa na mtu amejipenyeza chini ya ule ubao, amelala kifudifudi, anavuta waya.

"Bado!" nikapiga kelele. "Bado! Bado!"

Nani angenisikia? Watu wale wote wanaruka, wanasema angua, Jignesh anasema angua, mama yangu mzazi anasema angua. Saa inakwenda. Nilimtazama Msabaha kule juu. Kiroba kinamvuta bega, mishipa ya shingo imemsimama. Mwaka mzima alifundishwa kuachia. Nikafikiri, atasahau. Ee Mola wangu, atasahau.

Nilikimbilia pale nikashika ule mguu nikauvuta. Mwenye mguu akafikiri ni mwenzake anamtania, akapiga teke. Nikavuta tena, Dimple akaja mbio akidhani nimerukwa na akili, kisha akaona anachokiona akadondosha redio yake. Tulimvuta wawili. Akatoka fundi mmoja anaitwa Majaliwa, ana vitu vya kusikilizia masikioni na bisibisi mdomoni. Alikuwa ameambiwa akakaze waya wa king'ora, akaingia upande wa nyuma, na aliyemtuma hakujua kwamba Msabaha ameshaanza kukimbia. Alitazama juu, akaona kiroba na mtu aliyekishika. Bisibisi ikamtoka mdomoni.

Nikatazama saa. Muda wa mwanamke wa Pangani ulikuwa umeshapita kitambo. Nikatazama juu. Msabaha alikuwa hajakiachia. Mkono unatetemeka mpaka begani, lakini kiroba kiko pale pale nje ya ukingo, na macho yake yako kwangu.

Nikarudia kazi yangu tangu mwanzo, sikuruka kitu. Kulia. Kushoto. Nyuma ya mguu wa mnara.

"Angua!"

Akaachia. Kiroba kikapiga ubao na king'ora kikalia safi kabisa, maana Majaliwa alikuwa ameshaukaza ule waya.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi na baibui langu la pasi. Machozi yalinitoka na kicheko kinanitoka, sikujua nianze na kipi. Kifua changu kilikuwa kimebeba kitu tangu ile asubuhi ya Zinga, sasa kimetuliwa, na nilivuta pumzi mpaka nikaona kizunguzungu. Majaliwa aliketi kando yangu, anauliza kama kuna mtu ana maji. Dimple alimpa maji. Waliokaa upande wa mama hawakuona kitu, wakawa wanaulizana Msabaha kakumbwa na nini tena, mpaka ile picha iliporudiwa kwenye skrini kubwa na kandambili ikaonekana. Watu wakaanza kupiga makofi, taratibu, makofi ya watu wazima.

Msabaha alishuka. Hakuteleza kwenye bomba kama wenzake, alishuka kwa mikono na miguu.

"Uliisikia 'Bado' yangu?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. "Sikuisikia, dada. Ningesikiaje?"

"Sasa ulijuaje?"

"Walisema angua watu wote. Sauti yako haikuwamo."

Nilitaka kumjibu kitu cha kumkomesha, kama kawaida yangu. Badala yake nikamkanda lile bega.

Waamuzi walikutana, wakamwambia wanampa nafasi ya kurudia kesho yake, ni haki yake, hata yule mwanamke wa Pangani alikubali. Msabaha alicheka akionyesha bega lake. "Nimeshaangua," akawaambia, akaenda kumpa mkono bingwa mpya. Jignesh alihuzunika kidogo kwa ajili ya soda alizokwisha kuagiza, akazigawa vile vile. Dimple, kabla hajaondoka mjini, aliwafanya mafundi wake waking'oe kile kitambaa cha urembo na kukikunja mbele yangu. Amesema msimu ujao kila mnara utakuwa na mtu wa kusimama chini, na Msabaha akitaka kushindana tena mlango uko wazi. Anataka. Anajinoa ghalani hivi sasa, na kabla kiroba hakijadunda, jikoni tunasikia kwanza mwito, kisha Jignesh anaitikia vibaya kama nini.

Wiki iliyofuata tulikwenda Zinga. Nilinunua ndoo mpya njiani. Mnazi ulikuwa ule ule wa karibu na njia, na Msabaha akanitazama kabla hajatia mguu kwenye kidato cha kwanza kilichochongwa shinani, akaona nimesimama, akapanda. Nikasikia makuti yanasukwasukwa. Miguu yangu ilikaa mahali pake. Sikutazama juu.

"Naangua!"

Kulia hakuna kitu. Kushoto hakuna kitu. Nyuma ya shina kulikuwa na mbuzi wa watu, nikamfukuza. Halafu njia nzima ikawa wazi, na mimi nikanyamaza, nikajifunga kanga vizuri, nikamwacha angoje kidogo kwa raha zangu tu.

"Dada!" akaita kutoka juu. "Nakufa huku!"

Alikuwa bado ameishika nazi yake.

"Angua," nikamwambia.